Chupa, kijiko na kikaratasi: vifaa vilivyowafundisha madaktari kusoma mkojo

Katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, kuna picha iliyochorwa mwaka 1663 na Mholanzi Gerard Dou. Mwanamke mgonjwa ameegemea kiti karibu na dirisha, na binti yake amepiga magoti akimshika mkono huku analia. Daktari, aliyevaa joho la fahari, hamtazami hata mmoja wao. Ameinua chupa ya kioo yenye maji ya manjano, ameielekeza kwenye mwanga, na macho yake yote yako huko.

Chupa hiyo iliitwa matula. Kwa karne kadhaa ndiyo iliyokuwa alama ya udaktari Ulaya, kiasi kwamba hata Mtakatifu Kosma, msimamizi wa matabibu katika Kanisa, alizoea kuchorwa akiwa ameishika. Ilitengenezwa kwa kioo chembamba kisicho na rangi, tako lake likiwa la mviringo ili liige umbo la kibofu, na shingo yake ikipanuka mdomoni. Kwa kuwa tako la namna hiyo haliwezi kusimama mezani, chupa ilitiwa ndani ya kikapu cha kusukwa chenye kifuniko na mshikio.

Mtumishi alikibeba kikapu kutoka nyumbani kwa mgonjwa hadi kwa daktari. Mgonjwa mwenyewe, mara nyingi, alibaki kitandani. Daktari alitazama, akatamka ugonjwa, akaandika dawa, na kikapu kikarudi kilikotoka.

Mgogoro wa kusoma mkojo unaanzia kwenye kikapu hicho. Je, chombo kinaweza kusema ukweli ilhali mwenye mwili hayupo? Swali hilo limefuata kila kifaa cha kupimia mkojo kilichobuniwa baada ya hapo, na halijaisha hadi leo.

Elimu iliyopitia Kairouan

Nadharia iliyoibeba matula ilitoka kwa Wayunani. Galen, tabibu wa karne ya 2, alifundisha kwamba chakula huivishwa tumboni, kisha hugeuzwa damu kwenye ini, na mkojo ni majimaji yanayochujwa kutoka kwenye damu hiyo. Kwa hiyo mkojo ulihesabiwa kuwa taarifa ya namna upishi wa mwili ulivyokwenda. Ukitoka mweupe na mwepesi, upishi haukuiva. Ukitoka mwekundu sana au mweusi, umeungua.

Kilichoigeuza nadharia hiyo kuwa somo lenye kanuni kilikuwa ni vitabu vya Kiarabu. Katika karne ya 10, Ishaq bin Sulaiman al-Israili, tabibu Myahudi mzaliwa wa Misri aliyefanya kazi Kairouan katika Tunisia ya leo, aliandika kitabu kizima juu ya mkojo. Karne iliyofuata, Constantine Mwafrika, mzaliwa wa Afrika Kaskazini aliyeingia utawa huko Monte Cassino, Italia, alikitafsiri kwa Kilatini. Vyuo vya tiba vya Ulaya vilikisomesha kwa mamia ya miaka. Si ajabu ndogo kwamba daktari wa kaskazini mwa Ulaya aliinua chupa yake kwa kufuata elimu iliyoandikwa Afrika.

Ibn Sina (980–1037) naye aliweka masharti ambayo mtaalamu wa maabara wa leo asingeyakataa: uchukuliwe mkojo wa asubuhi, kabla mgonjwa hajala wala kunywa maji mengi, na asiwe ametumia kitu chenye kutia rangi kama zafarani. Jurjani, tabibu wa Khwarazm aliyeandika kwa Kiajemi karne ya 12, alisisitiza usafi wa chombo na kukikinga na jua na joto.

> Nadharia yao juu ya ini ilikuwa potofu. Masharti yao juu ya chombo yalikuwa sahihi.

Chupa yenyewe iligawanywa kama ramani ya mwili. Duara la juu lilisimamia kichwa, tabaka lililofuata kifua, la katikati ini na tumbo, na mashapo ya chini yalizungumzia figo, kibofu na viungo vya uzazi. Yohana Actuarius, tabibu wa Constantinople wa karne ya 14, aliitaka chupa ichorwe mistari ili mahali pa kila wingu na kila chembe pajulikane.

Kwa rangi kulikuwa na gurudumu: duara lililochorwa chupa nyingi, kwa kawaida 20, kila moja na rangi yake, kuanzia nyeupe ya maji ya kisimani hadi nyeusi tii. Gurudumu la namna hiyo limo katika *Fasciculus medicinae*, kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1491. Daktari alilinganisha, akasoma maelezo pembeni, kazi ikaisha.

Haikuwa ramli tupu. Mkojo wa rangi ya chai nzito wenye povu la manjano kweli huonyesha ini au nyongo ina tatizo. Damu, usaha na mchanga wa mawe ya figo huonekana kwa macho. Na mapovu yanayokaa juu ya mkojo bila kupasuka, ambayo mikusanyo ya maandishi yenye jina la Hippokrates iliyahusisha na ugonjwa mrefu wa figo, kweli huashiria protini inayovuja. Matatizo yalianza pale chupa ilipotakiwa kusema mambo ambayo haikuwa nayo.

Manabii wa mkojo

Watawa wa St. Gallen, Uswisi, waliandika kisa cha Notker, mtawa tabibu wa karne ya 10. Mtawala wa Bavaria alitaka kumjaribu, akampelekea mkojo wa mjakazi mwenye mimba akidai ni wake. Notker alitazama, kisha akatangaza kwamba Mungu yu karibu kutenda ajabu isiyowahi kusikika: baada ya siku kama 30, mtawala atajifungua mtoto. Kisa hicho kilipendwa kwa sababu kilimpa tabibu ushindi. Ukikitazama kwa makini, hata hivyo, kinaeleza hofu ya pande zote mbili. Mgonjwa alishuku kwamba daktari anabahatisha, na daktari alijua kwamba anaweza kuletewa mkojo wowote.

Kufikia karne ya 17 upande wa wenye shaka ulikuwa umepata nguvu. Mwaka 1637 daktari Mwingereza Thomas Brian alichapisha London kitabu cha kuwaumbua wale aliowaita manabii wa mkojo. Alieleza hila zao: kumhoji kwa ujanja mtumishi aliyeleta chupa hadi aseme mwenyewe kila kitu, kisha kuyarudisha maneno yale yale kana kwamba yamesomwa kwenye kioo.

Kilichobishaniwa kilikuwa pia riziki. Daktari aliyesoma chuo alitaka kulipwa kwa kumwona mgonjwa. Mwuza dawa na mganga wa mtaani walisoma chupa kwa bei nafuu, foleni ikiwa mlangoni. Na maskini, ambaye hakuweza kumlipa daktari afike nyumbani, angefanya nini? Kwake kikapu kilikuwa ndiyo huduma pekee aliyoimudu.

Hata kabla ya Brian, wapo waliodhani kemia ingeokoa jahazi. Leonhard Thurneysser, mzaliwa wa Basel, aliuchemsha mkojo na kuunasa mvuke wake katika chombo cha kioo chenye umbo la mwili wa binadamu, akiamini mvuke utatua kwenye kiungo kinachougua. Ilikuwa ramani ile ile ya chupa, ila imewashiwa moto.

Ulimi, moto na mshumaa

Mabadiliko yalikuja pale swali lilipopunguzwa. Badala ya kuuliza mkojo unasema nini juu ya mwili mzima, wachache walianza kuuliza kuna kitu gani ndani yake.

Waganga wa India ya kale walikuwa wameshaona kwamba mkojo wa wagonjwa fulani huwavuta sisimizi. Mwaka 1674 Mwingereza Thomas Willis aliandika kwamba mkojo wa mwenye kisukari una utamu wa ajabu, kama uliotiwa asali au sukari. Kifaa chake kilikuwa ulimi.

Mwaka 1776 Matthew Dobson, daktari wa Liverpool, alitoa ushahidi usiohitaji kuonjwa na kila mtu. Aliuchemsha polepole mkojo wa mgonjwa wa kisukari hadi maji yote yakaisha. Kilichobaki kilikuwa donge jeupe lenye kumeguka, lililonukia na kuonjeka kama sukari. Mwaka 1815 Mfaransa Michel Chevreul alionyesha kuwa sukari hiyo ni ile ile ya zabibu, yaani glukosi.

Kwa upande wa figo, kifaa kilikuwa kijiko. Frederik Dekkers wa Leiden alikwisha kuandika mwaka 1694 kwamba mikojo mingine huganda ikichemshwa na kutiwa asidi. Lakini aliyeunganisha jambo hilo na ugonjwa alikuwa Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, katika kitabu chake cha mwaka 1827.

Namna yenyewe ilikuwa rahisi. Mkojo kidogo hutiwa kwenye kijiko cha chuma, kijiko hushikwa juu ya mwali wa mshumaa, na baada ya muda mfupi, kukiwa na protini, wingu jeupe hujitokeza na kuganda kama ute wa yai kikaangoni. Ikiwa ni chumvi za fosfeti tu zilizochafua mkojo, tone la asidi huziyeyusha na maji hurudi kuwa safi. Protini haiondoki.

Bright hakuishia kwenye kijiko. Aliwatazama wagonjwa waliovimba miguu na uso, akapima mkojo wao, na walipofariki alizifungua maiti akaziona figo zilizoharibika. Kijiko, mgonjwa na maiti vilisema jambo moja. Kwa karibu karne nzima maradhi ya figo ya namna hiyo yaliitwa kwa jina lake.

> Bright alipata kwa kijiko na mshumaa kile ambacho gurudumu la rangi 20 halikukipata, kwa sababu aliuliza swali moja tu.

Vioo vyenye mistari

Karne ya 19 ilijaza meza ya daktari vioo. Cha kawaida kuliko vyote kilikuwa yurinomita, kibuyu kidogo cha kioo chenye uzito chini na shingo nyembamba yenye namba, kinachoelea ndani ya mkojo uliotiwa kwenye mcheduara mrefu. Mkojo mzito hukiinua, mwepesi hukizamisha. Maji safi husoma 1.000, mkojo wa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya takriban 1.005 na 1.030.

Kifaa hicho kilikuwa na udhia wake. Kikigusa ukuta wa kioo hukwama na kudanganya. Mkojo ambao bado una joto la mwili husoma chini ya kiwango chake halisi, hivyo ilibidi mpimaji asubiri upoe au aongeze 0.001 kwa kila nyuzi 3 za Selsiasi zilizozidi.

Mwaka 1874 Georges Esbach wa Paris alitoa neli ya kupimia kiasi cha protini. Neli hiyo ina alama mbili, U na R. Mkojo hujazwa hadi U, dawa yenye asidi ya pikriki na asidi ya limau huongezwa hadi R, neli huzibwa na kupinduliwa taratibu mara kadhaa bila kutikiswa, kisha husimamishwa wima kwa saa 24. Protini huzama, na kimo cha mashapo husomwa kwa gramu katika lita. Hapo, kwa mara ya kwanza, daktari wa kawaida aliweza kusema ugonjwa umepungua au umeongezeka, badala ya kusema upo au haupo.

Neli ya Doremus, iliyopinda kama kiko, ilipima yurea kwa kuhesabu hewa ya nitrojeni iliyotoka. Ya Einhorn ilitumia hamira: mkojo huchanganywa na hamira, huachwa mahali penye joto, na sukari ikiwapo gesi hujikusanya juu ya neli kuonyesha asilimia yake. Madaktari waliokwenda majumbani walibeba visanduku vyenye taa ya spiriti, neli, yurinomita, karatasi za litmasi na kichupa cha asidi ya naitriki.

Kemia ya shaba ndiyo iliyodumu. Mjerumani Hermann von Fehling alitoa mchanganyiko wake mwishoni mwa miaka ya 1840, na Mmarekani Stanley Benedict akauboresha mwanzoni mwa karne ya 20. Matone 8 ya mkojo hutiwa katika mililita 5 za dawa ya buluu na kuchemshwa. Buluu ikibaki, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, manjano, chungwa na hatimaye nyekundu ya tofali, sukari inazidi. Wanafunzi wa sekondari Tanzania na Kenya wanaifahamu rangi hiyo kutoka kwenye jaribio la vyakula katika somo la biolojia. Mababu zao katika elimu hiyo walikuwa wagonjwa wa kisukari wa miaka ya 1920 na kuendelea, waliochemsha neli jikoni kwao ili wajue insulini inawatosha au la.

Kichocho chini ya hadubini

Hadubini ilileta aina nyingine ya ushahidi, na kwa Afrika ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa zaidi. Mwaka 1851, katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo, daktari Mjerumani Theodor Bilharz alikuta minyoo ndani ya mishipa ya damu ya maiti aliyokuwa akiichunguza. Muda si mrefu uhusiano wa minyoo hiyo na mkojo wa damu ukajulikana.

Ugonjwa huo ni kichocho, ambacho wakazi wa Unguja, Pemba, pwani ya Kenya na maeneo ya Kanda ya Ziwa wanakijua bila kufundishwa. Kabla ya hadubini, matula ingeonyesha mkojo mwekundu, na gurudumu lingesema damu imeungua. Hadubini huonyesha yai lenye mwiba mmoja nchani, na ubishi huisha.

Kipimo kinachotumika hadi sasa si ghali. Mililita 10 za mkojo husukumwa kwa bomba la sindano kupitia kichujio kidogo, kichujio huwekwa kwenye kioo, na mayai huhesabiwa. Yakifika 50 au zaidi, maambukizi huhesabiwa kuwa makali. Mkojo mzuri kwa kazi hiyo ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Sharti la saa, kama alivyolisema Ibn Sina, limebaki. Ila saa imebadilika kulingana na kinachotafutwa.

Chura wa Cape

Kipimo cha mimba kina historia fupi na ya kushangaza. Mwaka 1927 Selmar Aschheim na Bernhard Zondek wa Berlin waligundua kwamba mkojo wa mjamzito, ukidungwa panya jike wachanga, huyaamsha mayai yao ya uzazi. Panya iliwabidi wauawe ili matokeo yaonekane. Katika miaka ya 1930 nafasi yao ilichukuliwa na chura wa Afrika Kusini, ambaye akidungwa mkojo huo hutaga mayai ndani ya saa chache. Chura alibaki hai na kutumika tena, kwa hiyo hospitali za Ulaya na Marekani ziliagiza maelfu yao. Homoni iliyomo katika mkojo huo wa mjamzito ndiyo inayochora mstari wa pili kwenye kipimo cha duka la dawa leo.

Chovya, kisha soma

Wazo la kuondoa moto na vioo ni la zamani. Mwaka 1850 Mfaransa Jules Maumené aliloweka kitambaa cha sufu katika kloridi ya bati, akakidondoshea mkojo na kukipasha moto. Kikigeuka cheusi, sukari ipo. Mwaka 1883 Mwingereza George Oliver alisambaza karatasi zilizokwisha kutiwa dawa ili daktari apime kando ya kitanda.

Mwaka 1941 kampuni ya Ames ya Marekani ilitoa kidonge kilichochemka chenyewe ndani ya neli kikikutana na mkojo na maji. Kilirahisisha maisha, lakini kilikuwa na soda kali, na waliokimeza kwa bahati mbaya waliungua koo.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1956. Helen Free na mumewe Alfred, wanakemia wa kampuni hiyo hiyo, walipachika vimeng'enya kwenye ncha ya kikaratasi. Dawa ya Benedict ilibadilika rangi hata kwa sukari nyingine, ikiwamo ya maziwa katika mkojo wa mama anayenyonyesha. Kimeng'enya cha Free kiliitambua glukosi peke yake. Baadaye vibandiko vya protini, damu, nitraiti, chembe nyeupe na vinginevyo vilipangwa kwenye kijiti kimoja.

Katika kliniki za wajawazito kijiti hicho ndicho kilichorithi kijiko cha Bright. Protini kwenye mkojo pamoja na shinikizo la damu lililopanda ni onyo la hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba.

Ubishi wa leo

Upande mmoja unasema kijiti kimeleta ukombozi: bei ndogo, hakihitaji umeme, majibu kwa dakika mbili, na zahanati ya kijijini inaweza kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji chumba kizima cha vioo. Hoja hiyo haina jibu, na mwenye kuidharau hajawahi kuwa mbali na hospitali.

Upande wa pili unasema kikapu kimerudi kwa mlango mwingine. Mtu hununua stripu, huona rangi imebadilika, hutamka "UTI", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kumeza antibiotiki. Ilhali nitraiti haitoki mpaka bakteria wakae na mkojo kibofuni kwa saa kadhaa, na wapo bakteria wasioitoa kabisa. Chembe nyeupe zinaweza kutoka ukeni kama mkojo haukuchukuliwa vizuri. Vitamini C nyingi huficha sukari na damu. Kichupa kilichoachwa wazi katika unyevu wa pwani huharibu vijiti vyote kabla ya tarehe yake kufika. Na kwa kisukari, sukari kwa kawaida haivuki kuingia kwenye mkojo mpaka ile ya damu izidi takriban milimoli 10 kwa lita, kwa hiyo mkojo usio na sukari haumwondolei mtu ugonjwa. Ndiyo sababu ufuatiliaji wa kisukari umehamia kwenye tone la damu la kidoleni.

Wenye shaka wana haki zaidi, ingawa kosa si la kijiti. Kijiti hujibu maswali machache yaliyobandikwa juu yake, na maswali mengine yote humhitaji mgonjwa mwenyewe: ana homa, maumivu, mimba, historia gani. Pale maambukizi yanaposhukiwa na hali haieleweki, kinachoamua ni kuotesha bakteria maabara, ili ijulikane pia dawa ipi inawaua.

Kwa anayepeleka mkojo kupimwa, masharti ni haya: ajisafishe kwanza, aache mkojo wa mwanzo upite, akinge wa katikati kwenye kopo safi la maabara, na aufikishe haraka. Mkojo uliokaa kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili hubadilika, na majibu yake hayategemewi.